Dizeli na Mti wa Kizuizi

Mwezi uliopita, kwenye arusi moja pale Manyamanyama, mshereheshaji alishika kipaza sauti akamtambulisha Hyasinta Felisian kwa wageni. Alisema huyu mama mnayemwona hapa, enzi za ujana wake, alishinda mashindano ya kuruka na punda kwa sababu mzee Yunusu alimwonea huruma akamwachia. Watu wakacheka na kupiga makofi, wengine wakaenda kumtunza Yunusu noti. Hyasinta naye alicheka, ndivyo alivyo. Mimi nilikuwa meza ya tatu, na pilau ikanishinda.

Naitwa Jenoveva. Mimi na Hyasinta tumekua nyumba mbili za jirani kule Bugwema, na siku anayoisimulia yule kijana, siku ambayo yeye hata hajazaliwa, nilikuwepo uwanjani nimeshika kamba ya punda. Hakuachiwa. Nitaeleza ilivyokuwa, na anayebisha aje abishane na mimi.

Wanaoikumbuka miaka ile ya mwanzo wa themanini hawahitaji kukumbushwa. Tulifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Mafuta ya taa tulipanga foleni, na ukifika mbele unaambiwa yamekwisha. Lori la ushirika lilisimama juu ya mawe kwa kukosa matairi mpaka kuku wakataga ndani yake. Hapo ndipo punda walipopanda cheo. Punda ndiye aliyepeleka pamba kituo cha kununulia, ndiye aliyebeba mgonjwa kwenda zahanati, ndiye aliyetoa furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, Murangi na kuwafikisha Bunda. Felisian, baba yake Hyasinta, alimwita punda wake Dizeli kwa sababu hiyo, na jina likampendeza kila mtu. Mwaka uliofuata Felisian alifariki, na punda akawa mali ya mdogo wake, Masatu.

Masatu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye sauti kubwa. Aliamini, kama karibu wanaume wote wa kwetu wakati ule, kwamba mwanamke kazi yake ni kumfunga punda mzigo, kumnywesha, kumtibu vidonda, na kutembea nyuma yake na fimbo. Kukaa juu yake ni kwa mwanamume. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni aibu. Ukiuliza aibu ya nani, unafukuzwa barazani.

Hyasinta alikuwa amemaliza darasa la saba, ana miaka kumi na sita, na kazi yote ya Dizeli ilikuwa yake. Tulisafiri pamoja, mimi na yeye, kupeleka mihogo na samaki. Tukishapita nyumba ya mwisho ya kijiji, ile ya mama Shida, Hyasinta ananitupia fimbo na kupanda. Tukirudi, anashuka kabla ya nyumba ile ile. Mama Shida alikuwa na macho makali na mdomo mwepesi.

Njia ya Bunda ilikuwa na kizuizi. Walilaza mti mrefu juu ya miti miwili ya panda, kukamata wanaosafirisha mahindi na mpunga bila kibali. Pembeni waliziba kwa miiba. Wenye mizigo walisimamishwa na kupekuliwa, lakini sisi tukirudi na punda mtupu, mgambo aliyekaa kivulini aliona uvivu kuinuka kuuondoa mti. Alituambia turuke. Nasi tukaruka, na baada ya miezi michache vijana wote wenye punda wakawa wanaruka, wanacheka, wanabishana nani kagusa na nani hakugusa.

Hapo kizuizini ndipo tulipozoeana na Yunusu, mtoto wa Mwanahalima, mama muuza chai wa Manyamanyama. Alikwenda Murangi na punda mtupu na kurudi na samaki. Punda wake alimwita Kibali, kwa sababu, alisema, siku hizi bila kibali hupiti. Tukawa tunakwenda msafara mmoja, maana fisi walikuwa wengi na watu wabaya pia hawakukosekana.

Punda wa msafara wana desturi yao. Mmoja anatangulia, mwingine anaweka pua karibu na mkia wa mwenzake, na wanakwenda hivyo siku nzima. Kibali alitangulia, Dizeli alifuata. Kibali aliruka mti kwanza, Dizeli akaruka baada yake. Miaka mitatu tuliwaacha waende hivyo hivyo, hatukuona tatizo. Tulipofika njia panda ya kuachana, Dizeli alilia kidogo na kugoma, lakini ukishamgeuza uso kuelekea Bugwema anakwenda mwenyewe, mbio mbio, hana habari na mtu.

Mwaka themanini na sita mambo yakaanza kulegea. Mitumba ikarudi sokoni, na Hyasinta akabadilisha kapu la furu kwa suruali ya kaki iliyochakaa magotini. Ile miti ya barabarani ikaondolewa. Isidori, bwana mifugo, aliyekuwa mtu wa vituko, akaiomba ile miti akaipeleka uwanjani Bunda na kutangaza kwamba siku ya Saba Saba, sikukuu ya wakulima, vijana wa Musoma, Butiama na Bunda watashindana kuruka na punda. Zawadi ilikuwa jembe na doti ya kanga.

Tulikuwa uani kwa kina Hyasinta tunamenya mihogo Masatu alipoleta habari nyingine.

"Gari zinarudi," alisema. "Mwaka kesho punda itakuwa chakula ya fisi tu. Nimepata mtu wa Tarime. Anamchukua Dizeli baada ya Saba Saba."

Hyasinta hakuinua macho. "Baba mdogo, huyo punda ni mimi namtunzaga."

"Unamtunzaga, ndiyo. Nani amekataa? Lakini siyo yako."

"Nikishinda Bunda?"

Masatu akacheka, akamgeukia Esta, mama yake Hyasinta. "Shemeji, unasikia mtoto wako?"

"Nasikia," alisema Esta, kisu hakikusimama. "Mjibu."

Masatu akaona watu wanamtazama, na kwa mtu mwenye sauti kubwa hilo ni jambo zito. "Haya. Ukishinda, punda yako. Ukishindwa anaenda Tarime, na sitaki kusikia tena mtoto wa kaka yangu anapandaga punda huko porini. Mnafikiri sijuagi?"

Tulisafiri siku moja kabla. Baiskeli ya Masatu ilikuwa imening'inizwa ukutani mwaka wa pili bila matairi, kwa hiyo alikaa juu ya Dizeli toka Bugwema mpaka Bunda, na sisi wasichana wawili tukatembea nyuma na fimbo. Mwanahalima ndiye aliyetulaza. Alisonga ugali, akapika sato wa kutosha watu kumi, akatuandalia mkeka mmoja.

"Kesho mtajuana wenyewe," alituambia. "Leo wote ni watoto wangu. Yunusu, mpe mwenzako kipande cha kichwa."

Dizeli na Kibali walifungwa mti mmoja, wakala majani ya rundo moja.

Asubuhi uwanja ulijaa. Jukwaa la mgeni rasmi lilipambwa kwa matawi, na kila kitu kilipangwa kielekee huko. Hata miti ya kuruka iliwekwa hivyo: unaanzia upande wa barabara, unaruka kwenda jukwaani, unafika unamsalimia mgeni rasmi kwa kuinua mkono. Clementi, katibu wa kamati, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwona Hyasinta na suruali yake akatikisa kichwa.

"Huyu hapana. Msichana? Na suruali?"

Isidori alikuwa anasoma daftari lake. "Mimi nimesajili punda," alisema. "Dizeli wa Bugwema yupo. Habari ya suruali sikuiandika."

Watu wakacheka, na Clementi akampisha. Masatu alikuwa amejibanza nyuma ya umati, anajifanya anatazama mbuzi wa maonyesho.

Sheria zilikuwa nyepesi. Mti ukianguka, umetoka. Punda akigoma mara tatu, umetoka. Kila mzunguko mti unapandishwa, na zamu inapangwa kwa kuvuta vijiti. Walikuwa vijana sita. Omari wa Musoma alitoka mapema, punda wake alipokatisha uwanja kwenda kula mahindi ya maonyesho, na tulicheka mpaka mbavu zikauma, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kucheka. Thadeo wa Butiama aliangusha mti mzunguko wa tatu. Alishuka, akamfuta punda wake jasho, kisha akaja kwetu.

"Gunia lako linateleza," alimwambia Hyasinta. "Chukua langu, lina sufu ndani." Akamfungia yeye mwenyewe.

Nilimpenda yule kijana siku ile, na sioni haya kulisema.

Mizunguko yote Hyasinta aliruka vizuri. Hakuna aliyegundua kwamba kila mara vijiti vilimpa zamu baada ya Yunusu. Kibali aliruka, akasimama kule jukwaani, na Dizeli akimwona mbele aliruka kumfuata. Tulidhani ni ushujaa wa Dizeli.

Wakabaki wawili. Vijiti vikavutwa, na zamu ya kwanza ikamwangukia Hyasinta.

Dizeli alikwenda hatua kumi, akasimama. Akageuza masikio nyuma, alikokuwa Kibali. Hyasinta akamrudisha, akamjaribu tena. Akafika mpaka pua ikagusa mti, akasimama na kuanza kulia ile sauti yake ya njia panda. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba mpelekeni jikoni kwao. Nilimwona Masatu akianza kusogea mbele, na nikajua anakuja kuchukua kamba. Ilibaki mara moja tu. Nilikuwa nimeelewa kosa letu la miaka mitatu, kwamba hatukumfundisha yule punda hata siku moja kutangulia.

Yunusu alikuwa ameelewa kabla yangu. Alishuka, akamshika Kibali kamba, akaanza kutembea pembeni mwa uwanja kwenda upande wa pili.

"Wewe," Clementi akamwita. "Ukivuka huo mstari kabla ya zamu yako, umejitoa."

"Andika," alisema Yunusu bila kusimama.

Akavuka. Akamsimamisha Kibali pale mbele, mkia kwa Dizeli. Na Dizeli, mjinga yule, akakunja miguu akaruka kana kwamba hapakuwahi kuwa na tatizo. Mti haukutikisika.

Hapo ndipo hadithi ya yule mshereheshaji inapoishia. Clementi akatangaza kwamba Yunusu amejitoa na mshindi ni Hyasinta Felisian. Makofi yakapigwa, ya kicheko. Masatu alikwishafika, akashika kamba ya Dizeli, akaiweka mkononi mwa Hyasinta. "Haya," alisema, "ahadi ni ahadi." Punda alikuwa wake. Angeweza kushukuru na kwenda nyumbani.

Hyasinta alirudisha kamba.

"Sijashinda," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika. "Punda ameruka kwa kumfuata Kibali. Mrudisheni Yunusu, tuanze upya. Na mimi naanza."

"Hyasinta," alisema Masatu kwa sauti ya chini. "Umeshapewa. Nyamaza."

"Baba mdogo, ukinipa leo hivi, kesho utasema nimepewa na mtoto wa Mwanahalima. Utasema mpaka nizeeke. Sitaki."

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilitaka kumfinya. Tulikuwa tumetembea njia nzima nyuma ya mkia, tumeshinda, na yeye anarudisha ushindi mezani kama chai ya baridi. Nilimwambia ana wazimu. Akanijibu kwamba nimshikie viatu.

Clementi alisema haiwezekani, imeshaandikwa. Isidori akachukua ile karatasi, akaipindua, akasema upande wa pili ni mweupe. Akaamuru mti upandishwe kidogo, usawa wa kiuno cha mtu mfupi. Hakuna punda aliyewahi kuruka pale, hata kizuizini.

Hyasinta alimwongoza Dizeli polepole kuuzunguka uwanja. Nilidhani anamtuliza. Alitazama jukwaa, akatazama barabara ile tuliyoingilia, ya kurudi kwetu. Kisha akaenda akasimama upande wa jukwaa, mgongo kwa mgeni rasmi.

"Naruka kutokea huku," alisema.

Clementi akaja mbio, kalamu zinaruka mfukoni. "Wenzako wote wameruka kuja jukwaani. Wewe unataka kumwonyesha mgeni rasmi mkia wa punda?"

"Kule ndiko kwao," alisema Hyasinta. "Anajuaga kwao."

Mgeni rasmi alikuwa anajipangusa jasho. Watu wote wakamtazama Isidori.

"Sheria nimeandika mwenyewe," alisema Isidori. "Inataja mti. Mkia haumo."

Kibali alikuwa nyuma, pembeni ya jukwaa, na Yunusu amemshika vizuri asije akasogea. Hyasinta alimgeuza Dizeli uso kuelekea barabara ya kwetu, akamlegezea kamba. Hakumpiga. Masikio ya Dizeli yakasimama. Alitembea, akakimbia, akaukuta mti njiani akauruka, akaendelea na safari. Ilibidi watu wanne wamzuie langoni asitoke na Hyasinta mgongoni.

Mti ulibaki juu ya panda zake.

Halafu ikawa zamu ya Yunusu, na hapa naomba yule mshereheshaji asikilize vizuri. Isidori alimwambia achague upande. Yunusu akasema, "Upande ule ule wake, asiseme mtu." Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mti. Nilimwona alivyobana magoti, alivyoinama shingoni mwa Kibali, mishipa imemtoka kwenye paji la uso. Mtu anayemwachia mwenzake hafanyi hivyo. Alitaka kushinda kwa roho yake yote, na nusura ashinde, maana miguu ya mbele ilipita safi. Kwato moja ya nyuma ndiyo iliyogusa. Mti ukacheza, ukatulia, watu wakashusha pumzi, kisha ukaanguka.

Yunusu alishuka, akakaa juu ya ule mti, kichwa chini. Alikaa kidogo tu. Akainuka, akauokota, akaurudisha mwenyewe juu ya panda zake, akamfuata Hyasinta langoni na kunyoosha mkono.

"Umenishinda," alisema.

"Nimekushinda," alijibu Hyasinta, wakashikana mikono mpaka Mwanahalima akaja kuwakumbatia wote wawili kwa pamoja, analia na kumtukana Clementi.

Doti ya kanga waligawana mama zao, Esta kanga moja na Mwanahalima nyingine. Jembe liko kwa Hyasinta mpaka leo, limebaki nusu. Magari yalirudi kweli kama Masatu alivyosema, na Yunusu baadaye alinunua pikapu. Lakini magari hayafiki kila mahali. Hyasinta alibaki na punda, wakawa wawili, wakawa sita. Matofali ya shule ya kwetu yalibebwa na punda wake, na wasichana wawili aliowaajiri hupanda wakitaka, kijijini na nje ya kijiji. Anayewasema hukutana na Hyasinta mwenyewe.

Lakini nilitaka kumalizia na safari ya kurudi. Tuliondoka Bunda asubuhi ya pili. Masatu alimtoa Dizeli kwa Mwanahalima, akamfunga lile gunia la Thadeo, akasimama kando yake, na kwa mazoea akainua mguu apande. Kisha akaushusha. Hyasinta akapanda, pale pale barabarani, watu wa Manyamanyama wanatazama. Dizeli akatangulia bila kumngoja mtu. Nilikuwa na fimbo mkononi. Masatu alinyoosha mkono, nikampa, naye akaanza kutembea nyuma.

Tulifika Bugwema jua likiwa bado juu. Nyumba ya mama Shida ilipotokea nilimtazama Hyasinta, kwa kuwa hapo ndipo alipozoea kushuka. Hakushuka. Mama Shida alikuwa anaanika mihogo, akasimama na ungo kiunoni.

"Masatu," alisema, "mbona mtoto amekaa juu na wewe unatembea nyuma ya mkia kama mwanamke?"

Masatu hakupunguza mwendo.

"Punda siyo yangu," alisema. "Muulize mwenyewe."